Neno Lililopita Bila Waya

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Sardar, Singasinga mwenye kilemba aliyekuwa na duka la vyombo vya sauti pale River Road, Nairobi, alinipeleka kwenye arusi ya Kihindi huko Ngara. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwasha amplifaya, yaani mashini inayochukua sauti ndogo ya maikrofoni na kuikuza. Nikaiwasha, ikanyamaza. Sikujua kwamba valvu, zile chupa za kioo zilizo ndani yake, hutaka kupata moto kwanza. Nikadhani imekufa mikononi mwangu. Nikazungusha swichi ya sauti hadi mwisho. Valvu zilipopata moto, kikohozi cha kuhani kilitoka kwenye spika kama mlima uliobomoka, na farasi wa bwana arusi akakimbia naye hadi barabarani.

Sardar hakunifukuza. Alimngoja farasi arudi, akaomba radhi kwa wenye arusi kwa lugha yao, kisha akanigeukia.

"Wewe iko na haraka ya nini? Hii mashini iko kama mzee. Naamka pole pole."

Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Shule niliiachia darasa la sita huko kwetu Maragoli. Ujuzi wangu wote ulitoka kwenye redio mbovu ya mwalimu mmoja, ambayo niliifungua na kuifunga mpaka siku moja ikasema, na kwenye kijitabu cha redio cha Kiingereza nilichokisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo kila siku niliogopa kwamba kuna jambo ambalo kila fundi analijua isipokuwa mimi. Baada ya arusi ile hofu ilinizidi. Nilifuta ncha za waya hata kama zilikuwa safi. Nilikuwa nikifika kituo cha basi narudi dukani kuhakikisha kwamba nimechomoa betri, na kila mara nilikuta nimechomoa. Wenzangu waliniona mtu wa bidii. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga.

Lakini kazi yenyewe niliistaajabia, na mpaka leo sijaacha. Fikiria mtu mwenye koo la kawaida, ambaye akiwa jikoni hasikiki sebuleni. Unamwekea maikrofoni mbele ya mdomo, kile chuma chenye utando mwembamba unaotikisika kwa pumzi yake. Unavuta waya hadi kwenye mashini, na kutoka kwenye mashini hadi kwenye spika za pembe, zile zilizofanana na ua la boga, ukizifunga juu ya mti au paa. Anasema "Hamjambo," na watu walio ng'ambo ya bonde wanainua vichwa.

Baada ya mwaka mmoja hivi Sardar aliniazima kwa gari la sinema la serikali, lililokuwa likizunguka mitaani kuonyesha picha za usafi na kilimo. Mkubwa wangu huko alikuwa Mzungu mmoja mwembamba tuliyemwita Bwana Afisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa visikizi masikioni na kutazama mita, kile kisanduku chenye sindano inayocheza kadiri sauti inavyopanda. Sindano ikigonga upande wa kulia, sauti inakwaruza. Ikilala kushoto, hakuna anayesikia.

"Sikiliza kama inasikika," aliniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Usisikilize inasema nini. Fundi akianza kusikiliza maneno, mkono wake unapoteza kazi."

Niliipokea kanuni ile kama amri ya kanisani. Ilinifaa sana mtu kama mimi. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, mtu alifungwa kwa neno, na fundi asiyesikiliza maneno hakuwa na la kujibu.

Kisha zikaja kampeni. Waafrika walikuwa wameanza kuruhusiwa kupiga kura, ingawa si wote. Kura wakati huo ilikwenda na shule, na mshahara, na kipande, kile cheti ambacho Mwafrika hakutembea mjini bila hicho, kisichokuwa na doa. Zaidi ya baraza kubwa la kutunga sheria palikuwa na mabaraza madogo ya wakazi, na viti vyake navyo vilipiganiwa. Wagombea walikuja River Road kukodi vyombo, na mimi niliyekwisha kurudi dukani nikawa fundi wao, leo huyu, kesho mpinzani wake. Mkutano haukufanyika bila ruhusa kutoka ofisi ya serikali, na kila mkutano ulikuwa na inspekta wa polisi pamoja na karani wake, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja akiandika kila kilichosemwa jukwaani.

Desturi ya Sardar ilikuwa kupeleka maikrofoni mbili. Moja ya mgombea. Ya pili ilisimamishwa chini mbele ya watu kwa ajili ya maswali, na kila moja ilikuwa na swichi yake kwenye mashini. Wagombea wengi hawakuipenda hiyo ya pili. Waliikubali kwa sababu ilikuja pamoja na vyombo, kama mkia unavyokuja pamoja na ng'ombe.

Sasa nieleze siku ninayotaka kuieleza.

Mgombea mmoja, ambaye simtaji kwa sababu watoto wake ni watu wema, alikodi vyombo vyetu kwa mkutano wa Jumapili mchana upande wa magharibi, uwanjani karibu na Kangemi, pale tunapopaita Mountain View siku hizi. Aliuchagua mchana wa Jumapili kwa sababu ndio wakati ambapo wapishi, mayaya na watunza bustani wa Lavington na Kileleshwa, mitaa ya Wazungu, walipata ruhusa ya nusu siku. Nami nilikaa huko huko Lavington kwa mjomba wangu Andayi, mpishi, katika chumba chake nyuma ya nyumba ya bwana wake. Kwa hiyo waliokuwa wakija uwanjani niliwajua. Walikuwa jirani zangu.

Mjomba alinisaidia kufunga spika juu ya mkaratusi. Nilimwona hana furaha.

"Yule fundi wa viatu wa pale Westlands," alisema, "umemwona juma hili?"

"Sijamwona."

"Hutamwona. Alisema mbele ya watu kwamba huyu bwana hatufai. Watu wa ofisini wakaja, wakatazama kipande chake, wakasema kina kasoro. Yuko kwao sasa, analima mihogo. Na hajui kulima."

Nikaendelea kukaza kamba. Nilijiambia hayo ni maneno, na mimi si mtu wa maneno.

Watu wakajaa. Wanawake walikuja na vitambaa vyao vyeupe vya kanisani, wanaume na makoti waliyopewa na mabwana zao, mengine marefu hadi magotini. Waliketi kwenye nyasi kwa safu, kwa ustaarabu, maana walikuwa watu wa nyumba za watu. Kabla mgombea hajapanda jukwaani, wakala wake alinijia kwenye mashini. Alikuwa kijana mnene mwenye tai, mwenye sauti ya upole sana.

"Fundi, wakati wa maswali utanitazama. Nikigusa tai yangu, unazima ile ya chini."

"Nizime kabisa, bwana?"

"Kwani wewe hujui kuzima?"

Nilijua. Ndilo tatizo langu: nilijua kuzima vizuri kuliko nilivyojua kukataa.

Mgombea alizungumza kwa ufasaha. Aliahidi maji na shule. Halafu, katikati ya ahadi, sauti yake ikabadilika kidogo, na sindano yangu ikashuka, kwa maana alikuwa amepunguza sauti kama mtu anayezungumza na watoto.

"Kuna watu wana midomo mirefu. Wanasema hili na lile jikoni kwa watu. Mimi nina marafiki katika kila ofisi, na najua kila jiko. Nikipata kiti hiki, mwenye mdomo mrefu atakwenda kuutumia kwao kijijini, reserve. Na nisipokipata, bado marafiki ninao."

Karani wa polisi aliandika. Nilimwona mama mmoja akigusa kifua, mahali alipokuwa ameficha kipande chake.

Ukafika wakati wa maswali. Hakuna aliyesimama. Mgombea akatabasamu, akamtazama inspekta kana kwamba anasema, unaona, watu wangu wameridhika. Ndipo akainuka Rasoa. Alikuwa yaya katika nyumba iliyopakana na ya bwana wake mjomba, msichana wa Butere, mwembamba, mwenye sauti ambayo hata mtoto aliyemlea hakuiogopa. Hakuwa na kura. Alikwenda hadi kwenye maikrofoni ya pili, hatua chache kutoka nilipoketi, na kuishika kwa mikono yote miwili.

"Fundi wa viatu alisema hufai," alianza.

Wakala akagusa tai yake. Mkono wangu ukaizungusha swichi kabla sijafikiri. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Sindano ikalala kushoto na visikizi vikawa kimya. Rasoa akaendelea kusema, midomo yake ikicheza, na kwangu mimi hapakuwa na kitu. Mgombea akasema kwenye ya kwake, kwa sauti kubwa, "Inaonekana dada yetu hana swali. Asante, keti."

Nilivua visikizi. Sijui kwa nini. Nafikiri niliona haya, masikio yakapata moto.

Hapa inabidi nieleze jambo la Lavington ambalo vijana wa leo hawalijui. Nyumba zile zilizungushiwa michongoma, ua wa miiba mrefu kuliko mtu, na mfanyakazi hakuruhusiwa kutoka ovyo. Kwa hiyo habari zilipita kwenye michongoma. Mpishi alisogea kwenye ua akijifanya anatupa maji, akasema habari yake kwa mpishi wa pili. Wa pili akaipeleka upande wake wa pili. Msiba wa Kileleshwa ulijulikana Kangemi kabla chai haijapoa. Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, uliseme neno kama ulivyolipokea, usiongeze wala usipunguze, maana ukipunguza mtu anaweza kukosa maziko ya mama yake. Ya pili, neno la michongoma halina mwenyewe. Bwana akikuuliza nani amekuambia, unamwonyesha nyumba ya jirani, na jirani anamwonyesha nyingine, mpaka bwana achoke.

Rasoa aliona kwamba maikrofoni imekufa. Hakupaza sauti, sidhani kama aliweza. Aligeuka tu, akamwinamia mwanamke wa safu ya kwanza kama mtu anayezungumza na jirani kwenye ua. Yule mwanamke akageuka nyuma. Na nikalisikia neno, kwa masikio yangu matupu:

"Fundi wa viatu alisema hufai, akarudishwa kwao. Na sisi tukisema hufai, utatupeleka wapi sote?"

Safu ya pili ikageuka ikaiambia ya tatu. Ya tatu ikaiambia ya nne. Hawakupiga kelele, walisema kwa sauti ya kawaida ya mtu na mwenzake, na neno likawa linatembea juu ya nyasi kama upepo unavyotembea juu ya mtama, unauona unakopita. Nilishika kazi ya sauti miaka mingi baada ya siku ile. Nimefunga spika kwenye viwanja na makanisa makubwa, na najua jinsi maneno yanavyochakaa njiani: yanagonga ukuta, yanarudi, yanapandana, mtu wa nyuma anasikia nusu. Neno lile lilifika safu ya mwisho, chini ya mikaratusi, na kutoka huko nikamsikia mzee mmoja akilirudia kwa sauti ya kikohozi, na halikuwa limepungua hata silabi moja. Nywele zilinisimama. Nilitazama mashini yangu, valvu zake zikiwaka nyekundu bila kazi, nikaiona kama kitu cha kuchezea.

Kisha watu wote wakamtazama mgombea wakingoja jibu.

Aliuliza, "Nani amesema hayo?"

Nikaelewa kilichokuwa kinamngoja Rasoa. Alikuwa amerudi kuketi, amechanganyika na vitambaa vyeupe. Kutoka juu jukwaani, katikati ya watu wanaosimama na kuinama, mgombea hakuwa na hakika tena ni yupi. Lakini wakala aliteremka kumtafuta, akaanzia nyuma, alikosikia sauti ya mwisho.

"Mzee, nani amekuambia maneno hayo?"

"Huyu hapa, Otieno," alisema yule mzee. "Na Otieno huwa hasemi uongo, isipokuwa habari za samaki."

Watu wakacheka chini chini. Otieno akamwonyesha mwanamke wa mbele yake. Yule mwanamke akasema ameambiwa na kaka huyu mwenye koti la bluu. Mwenye koti akasema, "Mimi niliambiwa na Mama Khadija." Wakala akaja safu kwa safu, akifuata vidole, na kila kidole kilikuwa cha kweli, na kila kimoja kilimsogeza karibu na Rasoa. Nilihesabu safu zilizobaki. Akafika kwa mjomba Andayi, safu mbili tu nyuma ya Rasoa.

"Na wewe mpishi? Nani amekuambia?"

Mjomba alifikiri kwa adabu, kama anayekumbuka chumvi ameweka kiasi gani.

"Mimi niliambiwa na mzee mmoja kule nyuma. Anakohoa."

Wakala akageuka kutazama alikoanzia. Hapo kicheko hakikuwa cha chini chini tena. Hata karani wa polisi aliinamisha kichwa juu ya karatasi zake. Inspekta akatazama saa yake, akasema kwamba muda wa ruhusa unakaribia kwisha na kuuliza swali si kosa katika ruhusa ile.

Basi wakala akaja kwangu. Tai ilikuwa imemwenda upande. Sauti yake ilikuwa bado ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Fundi. Wewe ulikuwa hapa karibu na maikrofoni. Ulimwona aliyeishika. Ni yupi?"

Nilimwona. Nilijua jina lake, kijiji chake, na nyumba aliyofanyia kazi. Na ninakiri kwamba kwa kitambo kifupi mdomo wangu ulifunguka kumtaja, kwa sababu nimekuwa mtu wa kujibu sawasawa maisha yangu yote. Swali likiwa na jibu sahihi, jibu hunitoka. Kilichonizuia si ushujaa. Ilikuwa ni aibu ya kazi. Watu wale walikuwa wamelipitisha neno lile uwanja mzima bila kulidondosha, na mimi ndiye niliyekuwa nimelidondosha mara ya kwanza.

"Bwana," nilisema, "uliniambia nizime, nikazima. Fundi husikia kupitia hivi visikizi. Hakuna kilichopita."

"Macho je? Huna macho?"

"Macho yangu yako kwenye sindano. Ndivyo nilivyofundishwa."

Alinitazama. "Jina lako nani?"

Nikamtajia jina langu kamili, na la baba yangu, na kijiji. Sauti yangu ilitetemeka, kwa hiyo nikalitaja tena ili asikie vizuri.

Usiku ule nilifunga nguo zangu kwenye sanduku. Mjomba hakunikataza. Alinipikia tu ugali na mboga za kunde na kunitazama nikila.

Asubuhi nilikwenda River Road nikiwa tayari kufukuzwa. Wakala alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimama mbele ya meza akimweleza Sardar kwamba fundi wake ni mkaidi na kwamba vijana wa namna hiyo hawana haki ya kukaa mjini. Sardar alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi.

"Jana maikrofoni namba mbili iliharibika?"

"Haikuharibika, Sardar. Niliizima. Aliniagiza."

Uso wake ulibadilika. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku ya farasi.

"Watu mingi naona mama nasema, na sauti hapana toka. Sasa Nairobi yote itasema mashini ya mimi iko bovu." Akamgeukia wakala. "Hii kijana iko na makosa, kweli. Makosa yake ni kusikia wewe. Vyombo yangu iko mbili mbili. Nani nataka moja, aende duka ingine."

"Utajuta, Singasinga."

"Mimi najuta tayari. Toka, iko na wateja."

Wakala aliondoka. Sardar akanituma kufuta vumbi kwenye spika, na hatukulizungumza tena jambo lile mpaka alipofariki. Mgombea hakupata kiti. Sisemi ni kwa sababu ya Rasoa. Wengi uwanjani hawakuwa na kura kama yeye. Lakini juma lile swali lake lilivuka michongoma yote, likaingia mjini kwa watu wenye kura, makarani na waalimu, neno kwa neno, na kila alipokwenda kuomba kura alilikuta limefika kabla yake. Hakulijibu hata mara moja. Rasoa aliendelea na kazi yake Lavington, kisha akaolewa Kisumu. Fundi wa viatu hakurudi. Pale alipokuwa akiketi Westlands, kwa muda mrefu watu walipita na viatu mkononi, wakasimama, wakaendelea.

Sikumtii Bwana Afisa tena. Miaka yote iliyofuata, mpaka siku niliyostaafu na kukabidhi visikizi kwa fundi mwingine, nilisikiliza sauti na nikasikiliza maneno. Mkono wangu haukupoteza kazi. Nilimwambia hivyo yule aliyenipokea, akaitikia kwa heshima huku akitazama simu.

Watu huniuliza kama mambo ni bora sasa. Wagombea wa siku hizi hawahitaji kugusa tai. Wanatishia hadharani, na wengine wanashangiliwa. Na kila mtu ana kipaza sauti mfukoni mwake, kitu ambacho sisi hatukukiota. Sijui kupima mambo hayo, mimi ni fundi. Ninachojua kimebadilika ni hiki: wakati ule mtu alipozimwa, jirani yake alijua, kwa kuwa walikuwa wameketi kwenye nyasi zile zile. Siku hizi mtu anaweza kuzimwa humo kwenye simu yake, na aliyeketi karibu naye asijue.